UZI: Tunaochora kwa mapenzi tu, kila kazi tuipe namba na mstari wake daftarini

#1 · Mleta uzi

Wadau wa sanaa, salamu kwenu nyote.

Uzi huu nauleta kwa wenzangu tunaochora baada ya kutoka kazini, wikiendi, au usiku watoto wakishalala. Walimu, wahasibu, madereva, wanafunzi, akina mama wa nyumbani. Watu ambao hatuna banda la kuuzia picha wala mteja anayesubiri oda yake.

Hoja yangu ni hii: anayechora kwa mapenzi anahitaji kumbukumbu ya kazi zake kuliko hata yule anayeuza. Anayeuza ana risiti, ana oda, ana wateja wa kumkumbusha. Sisi tusipoandika wenyewe, hakuna popote panapoonyesha kwamba mwaka ule tulikaa chini tukafanya kitu.

Nikisema kumbukumbu simaanishi "like" za mitandaoni. Zile zinahesabu waliotazama. Nasema daftari, ambamo kila kazi ina namba yake na mstari mmoja: ni nini, imefanywa lini, kwa vifaa gani, ukubwa gani, na hivi sasa ipo wapi.

Aliyenifundisha jambo hili ni mchoraji maarufu Paul Klee. Mwaka 1911 alikuwa na miaka 31, anaishi Munich, Ujerumani, jina lake halijulikani. Mkewe Lily ndiye aliyeingiza hela ya nyumba kwa kufundisha piano, na Klee alikuwa anapika na kumlea mtoto wao mdogo. Katika hali hiyo hiyo ndipo akafungua daftari la kazi zake zote. Hakungoja kwanza awe mtu mkubwa. Alirudi nyuma mpaka utotoni, akaingiza na baadhi ya michoro aliyoichora akiwa mtoto. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: mwaka, kisha namba ya kazi ndani ya mwaka huo. Mchoro akishaubandika kwenye kadibodi, chini yake anaandika mwaka, namba na jina la kazi. Akaenda hivyo maisha yake yote, zaidi ya kazi 9,000.

Sasa tazameni daftari hilo linavyosema. Mwaka 1933 Wanazi walimtoa kwenye kazi yake ya ualimu Düsseldorf, akarudi Bern, Uswisi. Mwaka 1935 akaanza kuugua ugonjwa unaokakamaza ngozi. Mwaka 1936 daftari lina kazi 25 tu. Mwaka 1937 zikawa 264, mwaka 1938 zikawa 489, na mwaka 1939 zikafika 1,253. Juni 1940 akafariki. Mimi nikizisoma hizo namba kwa mfululizo huwa natulia kwanza kabla ya kuendelea. Mtu amezama, ameinuka, kisha amefanya kazi kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo hata alipokuwa mzima. Na bila daftari, ule mwaka wa kazi 25 ungepotea kabisa. Watu wangeona picha nyingi za miaka ya mwisho, wasijue zilitanguliwa na ukimya wa namna gani.

Mwingine ni Claude Lorrain, mchoraji Mfaransa aliyefanya kazi Rome miaka ya 1600. Kuanzia kama mwaka 1635 alikuwa na kitabu ambamo kila mchoro wa rangi uliotoka mikononi mwake aliuchora tena kwa udogo, na nyuma ya ukurasa akaandika umeenda kwa nani au mji gani. Sababu inayotajwa tangu zamani ni kwamba watu walikuwa wanamwiga na kuuza bandia kwa jina lake. Kitabu kile kilikuwa na michoro karibu 200, na leo kipo British Museum, London.

Turudi nyumbani. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 hapa Dar, kwenye vipande vya hadibodi, mraba wa kama sentimita 60, kwa rangi ya mafuta ya dukani. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake na ndugu waliendeleza mtindo, na mpaka leo mtindo unaitwa kwa jina lake na familia nyingi zinakula kwa brashi hiyo. Lakini ukiuliza zipi hasa zilitoka mkononi mwake yeye, unaingia kwenye mabishano, kwa sababu jina lile lilishakuwa na thamani na bandia zikatengenezwa. Mtu aliyekuwa anatafuta riziki ya siku angekumbukaje daftari? Simlaumu hata kidogo. Nasikitika tu, maana mistari michache ya bolpeni ingetutunzia urithi mkubwa.

Daftari langu mimi ni kaunta buku ya kawaida, ile ngumu ya jalada. Nimepiga mistari kwa rula. Mstari mmoja wa ndani ninauweka hapa kama ulivyo:

*24-031. Feri, mnada wa samaki asubuhi. Bolpeni nyeusi na rangi za maji. A5, karatasi ya gramu 300. Februari 2024. Picha ya simu ipo. Ipo kwa dada, Tabata, sebuleni. Bluu ya ndoo nimeichanganya na kahawia kidogo, ndiyo ikatulia.*

Na unaofuata:

*24-032. Mnazi uliolala, Kigamboni. Penseli. Haijakamilika. Ipo bahasha ya kijani.*

Huo wa pili ndio ninaoutetea zaidi. Kazi isiyokamilika inapewa namba sawa na iliyokamilika. Iliyoharibika pia. Ukiandika nzuri peke yake, daftari linakuwa albamu ya sifa, na halitakuambia kitu usichokijua.

Lililojaa bila kuchagua linakuambia mengi. Ukishuka na safu ya vifaa kutoka juu hadi chini, unaona rangi za maji zinakatika kila masika. Dar wakati wa mvua hewa ni nzito, karatasi haikauki, tabaka la pili linaingia kwenye la kwanza na picha inakuwa tope. Mkono wenyewe ulishahamia kwenye bolpeni na penseli bila mimi kuupangia. Nilipoliona hilo kwenye maandishi ndipo nikaanza kuipanga miezi: mvua ikianza, ni mwezi wa mistari na vivuli, kiangazi ni cha rangi. Hiyo faida hakuna programu ya simu iliyonipa.

Karibuni, wenye madaftari yao waje na utaratibu wao, na wasiokubaliana pia.

#2

Mkuu, kwa heshima zote napingana na wewe. Mimi nachora ili niondoe mawazo ya kazini. Kule kutwa nzima najaza fomu na taarifa za mwezi. Nikirudi nyumbani nikaanza tena kujaza safu, ile starehe imeisha. Kuna vitu vinapendeza kwa sababu havihesabiwi.

#3 · Mleta uzi

Mkuu #2, hoja yako ni nzito na nimeifikiria kabla ya kujibu.

Kinachochosha kwenye taarifa za ofisini si kuandika. Ni kwamba kuna mtu juu yako atakayeisoma na kukuhukumu, na kuna lengo ambalo lazima ulifikie. Daftari hili halina vyote viwili. Ndiyo maana mimi nimekataa safu tatu ambazo watu hupendekeza: safu ya saa ulizotumia, safu ya alama unazojipa, na safu ya lengo la mwezi. Saa zikiingia, unaanza kuona aibu kukaa na jani moja la mgomba jioni nzima. Alama zikiingia, unaanza kuchora kinachopata alama. Lengo likiingia, ni kweli umeileta ofisi sebuleni.

Kinachobaki ni mstari wa dakika mbili baada ya kazi kwisha, brashi zikiwa zinakauka. Nakushauri ujaribu kwa namba, tarehe na mahali ilipo, basi. Ukiona bado kunakuharibia raha, acha. Furaha ya kuchora ndiyo mwenye nyumba, daftari ni mgeni.

#4

Mimi niko upande wa kuhesabu tena kwa lengo. Kila Oktoba nashiriki lile zoezi la Inktober, lililoanzishwa na mchoraji wa Marekani Jake Parker mwaka 2009, mchoro mmoja wa wino kila siku mpaka siku 31 ziishe. Bila ule msukumo mimi ni mvivu, nakiri. Mwaka jana mkono wangu ulibadilika ndani ya mwezi ule kuliko miezi yote iliyobaki. Kwa hiyo lengo lisitukanwe.

#5 · Mleta uzi

Dada/kaka #4, silitukani, na kwa mwezi mmoja wenye mwanzo na mwisho nakubaliana na wewe kabisa. Wino una faida hiyo: haufutiki, unakulazimisha uamue. Endelea.

Ninachoogopa ni mwezi ule kugeuzwa kuwa mwaka mzima. Rudi kwa Klee. Kazi 1,253 za mwaka 1939 hazikuwa lengo alilojiwekea Januari. Zilikuwa hesabu iliyojitokeza Desemba. Na kama mwaka 1936 angekuwa anajipima kwa lengo, zile kazi 25 zingesomeka kama kushindwa, wakati zilikuwa kazi 25 za mtu mgonjwa sana. Sisi nasi tuna miaka yetu hiyo: mwaka wa msiba, mwaka wa kulea mtoto mchanga, mwaka wa kuhamishwa kikazi kwenda mkoa ambako humjui mtu. Daftari lisilo na lengo linaupokea mwaka wa namna hiyo na kuuandika kama ulivyo.

#6

Wakuu, mimi nachora kwenye simu kwa kidole na kalamu ya bei rahisi. Faili ni nyingi mno, majina yote ni "mwisho", "mwisho2", "mwisho kabisa". Simu ikijaa nafuta bila kuangalia. Kuna msaada kwa watu kama sisi au uzi ni wa karatasi tu?

#7 · Mleta uzi

Upo, na nyie wa simu ndio mko kwenye hatari kubwa zaidi, maana karatasi ikipotea chini ya kabati kuna siku itaonekana, lakini simu ikiibwa kwenye daladala imeondoka na kila kitu.

Jina la faili lianze na mwaka, kisha namba, kisha neno moja la kukumbusha: 2025-014-bodaboda. Mwaka ukitangulia na namba zikiwa na tarakimu tatu, simu au kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano sahihi. Ukianza na 1, 2, 3 bila sifuri mbele, kwenye baadhi ya mashine ya 10 itarukia mbele ya 2. Kwa kila kazi tunza vitu viwili: faili lenye tabaka zake, ili uweze kurudi kurekebisha, na picha moja iliyokamilika. Hatua za katikati futa bila huruma.

Jambo la WhatsApp nalisisitiza kwa sababu linawaumiza wengi. Ukituma kazi kama picha ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na taarifa zilizojificha ndani yake, ikiwemo tarehe ya kupigwa, zinaondolewa. Kwa hiyo ile nakala iliyobaki kwenye gumzo na rafiki yako si akiba ya kuaminika. Itume kama dokumenti, hapo inakwenda nzima. Na ziwepo nakala sehemu mbili zisizokaa pamoja: mfano Google Drive, na flashi iliyoko nyumbani.

#8

Assalaam aleikum. Mimi si mchoraji, nasuka ukili, ile mikanda ya majani (miyaa) ya kutengenezea mikeka na mikoba, kazi ya kuachiwa na bibi yangu, na siuzi. Nawapa ndugu na majirani. Nimesoma uzi wote nikaona nami nichangie.

Kwenye ukili ugumu uko kwenye rangi. Unachemsha miyaa na rangi ya unga, inatoka zambarau nzuri sana, mwezi ujao ukitaka ile ile huipati. Maji ni tofauti, miyaa ni tofauti, au umekaa jikoni muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kila sufuria ninayochemsha nakata kipande cha miyaa chenye urefu wa kidole, nakibandika kwenye daftari la mwanangu la shule lililobaki kurasa, na pembeni naandika vijiko vingapi vya rangi, maji ya kisima au ya bomba, na ilikaa motoni kwa muda gani. Kisha naandika mkeka upi au mkoba upi umetumia sufuria ile. Sikuwahi kuita sanaa wala kumbukumbu, nilikuwa naepuka hasara ya rangi.

Swali langu: namba naiweka wapi? Mkeka hauna mgongo wa kuandikia.

#9 · Mleta uzi

Wa aleikum salaam dada yangu, na asante sana. Mchango wako umeuzidi uzi wangu. Mimi naandika "bluu nimeichanganya na kahawia", wewe una bluu yenyewe imebandikwa. Kuanzia sasa pembezoni mwa kila mstari napaka na mimi doa la rangi niliyochanganya. Wachoraji wote wa rangi za maji humu tumuige dada huyu.

Kuhusu namba: kipande kidogo cha kitambaa cheupe cha pamba, kama upana wa vidole viwili, ukiandike kwa kalamu ya kuandikia nguo isiyofutika, kisha ukishone upande wa chini pale kwenye pindo. Kwa mkoba, kishone ndani karibu na mshikio. Na ukimpa jirani, andika daftarini umempa nani na mwaka gani. Kazi za zawadi ndizo zinazopotea kuliko zote. Mchoro wa Ben Enwonwu wa Nigeria wa mwaka 1974, ule wa binti wa kifalme Tutu, haukujulikana ulipo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2017 ukaonekana ndani ya nyumba ya familia moja London, na Februari 2018 ukauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Sizungumzii hela. Nazungumzia miaka yote ambayo Wanaijeria walikuwa na nakala za kuchapishwa tu za picha waliyoipenda kiasi kile, hadi aliyeichora akafariki mwaka 1994 picha ikiwa bado haijulikani ilipo.

#10

Mleta uzi, niko Tanga, nina boksi zima la michoro tangu sekondari. Hakuna tarehe hata moja. Nikifikiria kuanza kuiandika yote nakata tamaa kabla sijafungua boksi.

#11 · Mleta uzi

Usianze na boksi. Anza na mchoro utakaoufanya wiki hii, uupe namba ya kwanza ya mwaka huu. Boksi lina uvumilivu.

Utakapolifikia, usilazimishe tarehe usizokuwa nazo. Andika "takriban 2009" au "kidato cha tatu", inatosha. Karatasi yenyewe itakusaidia: mchoro uliochanwa kwenye daftari la kemia unajulikana wa lini, manila uliyonunua kwa ajili ya mahafali nayo hivyo hivyo, na picha za simu za zamani mara nyingi zina tarehe. Zipe kazi hizo mfululizo wake, mfano herufi Z mbele, Z-001 na kuendelea, ili ukipata nyingine baadaye zisivuruge za sasa. Na kwa kuwa uko Tanga, angalia unyevu. Toa boksi sakafuni, tenganisha karatasi zenye madoa ya ukungu na zile safi kabla ya jambo lingine lolote.

#12

Swali la kisheria. Nikiwa na daftari hilo, mtu akichukua mchoro wangu akauchapa kwenye fulana, linanisaidia? Au mpaka niwe nimesajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania?

#13 · Mleta uzi

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki inaanza pale kazi inapofanywa, si pale inaposajiliwa. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufariki. Usajili COSOTA unakupa cheti cha kuonyesha, na kama una kazi unayohisi itaigwa, nenda kasajili. Kwa kazi nyingine zote, mgogoro ukitokea utaulizwa uthibitisho. Hapo daftari lenye mfuatano usiokatika, pamoja na michoro ya awali ya penseli na picha za simu zenye tarehe, vina uzito kuliko maneno matupu. Ndiyo sababu nyingine ya kutotupa zile karatasi za majaribio: mwizi huwa na picha ya mwisho tu, hana hatua zake. Mambo ya kesi yenyewe muone mwanasheria.

#14

Nimeshanunua kaunta buku leo Kariakoo. Namba nyuma ya mchoro naandika kwa bolpeni au penseli?

#15 · Mleta uzi

Hongera sana mkuu!

Kwenye karatasi tumia penseli laini, HB au B, kona ya chini kulia upande wa nyuma, karatasi ikiwa juu ya meza ngumu. Bolpeni inakwaruza na alama inatokeza upande wa mbele, na wino wake unaweza kupenya baadaye. Maka peni ndiyo mbaya kabisa, itatokea mbele. Kama ni turubai, andika kwenye ubao wa fremu, usiandike kwenye kitambaa. Kama ni hadibodi, nyuma unaweza kutumia rangi ile ile uliyochorea, kwa brashi ndogo. Andika namba, mwaka na jina lako kamili, maana sahihi ya mbele haisomeki kwa asiyekujua.

Na ukurasa wa kwanza wa hiyo kaunta buku uache wazi. Utauhitaji kuandika maana ya vifupisho vyako, kwa ajili ya atakayelisoma wewe ukiwa haupo.